Barafu ya Mwalimu

Mwalimu wetu wa Jiografia alilichukia neno moja kuliko matusi, nalo ni "inawezekana." Ukimjibu swali kwa neno hilo hakuchapi wala hakugombezi, anakuambia usimame. Unasimama hapo hapo kando ya dawati lako mpaka upate "ndiyo" au "hapana" ya kumpa, na somo linaendelea huku wenzako wanakuchekea chini chini. "Mtu anayesema inawezekana," alikuwa akituambia, "ana mguu mmoja ndani na mmoja nje. Anasubiri aone upande upi una ugali."

Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo alilotuuzia. Sitaki mtu adhani naandika kumsifu mwalimu mpendwa wa zamani. Yuko hai, Mungu amzidishie umri, na mimi nina hasira naye mpaka hii leo. Lakini nikisema alikuwa mtu mbaya nitakuwa nimesema uongo, na aliyenifundisha kuuchukia uongo ni yeye mwenyewe. Hapo ndipo ninapokwama kila nikitaka kumsahau.

Kwetu ni Handeni, siyo mjini, ni kijijini, mahali ambapo mvua ikinyesha watu wazima wanatoka nje kuitazama. Yeye ni Msambaa wa Vugiri, kule juu Korogwe kwenye ukungu na migomba, akapangiwa kufundisha sekondari yetu ya kata. Walimu wengine waliopangiwa kwetu walikuwa wakiripoti, wanalitazama vumbi, na muhula haujaisha unasikia wamepata uhamisho. Yeye alikaa mpaka akastaafu. Wazazi walimpenda kwa hilo kwanza, hata kabla hawajajua kama anajua kufundisha.

Alivaa sweta. Jua la kwetu la mwezi wa pili, lile linalowafanya mbuzi wagombee kivuli cha baiskeli, na Mwalimu yumo ndani ya sweta la kijivu la mikono mirefu. Sisi wanafunzi tulisema ana malaria isiyopona. Kuna mwenzetu alijitia ushujaa akamuuliza, naye akajibu bila kukasirika, "Baridi sikuiacha Vugiri. Nimekuja nayo." Saa sita mchana alikunywa uji wa moto, jasho likimtiririka mpaka kwenye miwani, na ukimtazama sana anakukaribisha.

Ndani ya nyumba yake ya shule kulikuwa na ramani ya dunia ukutani. Upande wa chini, huku kwetu, ilikuwa mpya kama imetoka dukani jana. Upande wa juu kabisa, kule Siberia na Alaska na kaskazini ya Kanada, karatasi ilikuwa imechakaa na kubabuka kwa sababu ya kidole chake. Alizipenda nchi za baridi kwa namna ambayo sijui niieleze vipi, maana hajawahi kupanda ndege. Hakuficha. "Sijafika," alikuwa akisema. "Nimesoma. Kusoma siyo kufika, msije mkachanganya." Jumamosi alikwenda Segera, pale njia za Tanga, Arusha na Dar zinapokutana, akawaomba makondakta wa mabasi magazeti yaliyoachwa na abiria. Akikuta habari ya barafu au theluji anaikata na kuibandika chini ya ile ramani.

Somo lake kubwa lilikuwa la ardhi isiyoyeyuka. Kwenye mtaala lilikuwa mistari michache tu. Mwalimu mwingine angeisoma, akatupa zoezi, akaenda zake. Yeye aliandika Kiingereza ubaoni, maana ndicho cha mtihani, kisha akafunga mlango ili mkuu wa shule asisikie, akatugeukia kwa Kiswahili.

"Kuna ardhi," alisema, "ambayo haiyeyuki. Juu juu jua la kiangazi linaigusa, panaota nyasi, panakuwa tope. Ukishuka chini, udongo umeganda. Umeganda mwaka huu, utaganda mwakani, na uliganda kabla babu wa babu zenu hawajazaliwa. Kaburi huko hulichimbi kwa jembe, unapasua kwa shoka."

"Na maiti haiozi, Mwalimu?" akauliza mmoja.

"Haiozi."

Darasa likalipuka kwa kelele, wengine wakasema astaghfirullah, na yeye akatuacha tupige kelele mpaka tuchoke. Kesho yake alikuja na ndoo iliyojaa maranda ya seremala. Alikuwa amenunua barafu za ubuyu kwa mama aliyekuwa akiziuza karibu na lango la shule, zile za mfuko mdogo wa nailoni. Moja akaiweka mezani, nyingine akaifukia katikati ya maranda. Ya mezani ilikuwa maji mekundu kabla ya kengele. Ile ya ndani ya maranda tuliitoa jioni baada ya mchakamchaka ikiwa bado inagonga meno, tukaigawana kwa kunyonya kila mtu mara moja. "Ardhi inatunza kile ilichopewa," alisema. "Ikipewa baridi, inatunza baridi."

Kisha akatufikisha kwenye lile alilokuwa akilitafuta tangu mwanzo. Alitutoa nje, akanisimamisha mimi katikati, akawaambia wenzangu washikane mikono wanizunguke. Wao walikuwa maji. Mimi nilikuwa gesi, gesi ileile itokayo kwenye vitu vilivyooza matopeni, au inayopanda kutoka chini kabisa kwenye miamba. Alieleza kwamba chini ya ile ardhi iliyoganda gesi hupanda, ikakuta maji, na maji yale badala ya kuiachia hushikana mikono kuizunguka, yakawa kizimba. Kinachopatikana kinafanana na barafu ya kawaida kwa macho. Ukiiwashia kiberiti, inawaka.

"Sasa niambieni," alisema, akizunguka duara letu na fimbo yake ya kuelekezea. "Nini kinawafanya hawa wasiachiane mikono? Cha kwanza?"

"Baridi!"

"Cha pili?"

"Uzito wa ardhi unaokandamiza kutoka juu!"

"Vya tatu na nne?"

"Maji na gesi!"

"Kimoja kikikosekana?"

"Hakuna barafu!"

"Handeni kuna ardhi iliyoganda?"

"Hakuna!"

"Basi barafu hii kwetu inawezekana?"

"Haiwezekani!"

Hapo tu ndipo alipoliruhusu neno lile lisikike mdomoni mwake, ili tulikatae kwa sauti moja. Tulipiga kelele mpaka fundi aliyekuwa akipaka rangi ofisini akatoka kutazama. Mimi katikati ya duara, nimebanwa na mikono ya wenzangu, nilicheka hadi machozi. Nilimpenda mtu yule siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu asiye ndugu yangu.

Tatizo ni kwamba somo lile lilikwenda nyumbani nusu. Mtoto akirudi shule anasimulia kilicho kitamu, na kitamu kilikuwa barafu inayowaka moto. Uzito wa ardhi nani atamsimulia mama yake anayepukuchua mahindi? Kila mwaka kidato cha tatu kilipokea hadithi ile na kuisambaza, na kila mwaka baridi yake ilibaki darasani. Ikawa kijiji kizima kinajua "barafu ya Mwalimu." Wazee walimtania mama wa barafu za ubuyu, "Nipe moja, lakini ile ya kuwaka, nipate kuwashia sigara." Mwalimu mwenyewe akitaniwa hivyo njiani alicheka akapita. Sijawahi kumsikia akisimama kurekebisha, na hilo nimeliona baadaye sana.

Ni ajabu, maana kwa mengine alikuwa msumbufu wa ukweli. Alimpa mwanafunzi mmoja alama mbovu kwa jibu ambalo usiku wake aliligundua kuwa lilikuwa sahihi. Asubuhi, tena siku ya mapumziko, alitembea na sweta lake mpaka shambani kwao yule mwanafunzi, akamwita kutoka kwenye palizi, akamwambia mbele ya wazazi wake, "Nilikosea mimi, wewe ulipata." Mzazi gani asingemwamini mtu wa namna hiyo? Kwetu ukitaka kuapa ulikuwa unasema, "Muulize Mwalimu," na ubishi unaishia hapo.

Baba yangu alimwamini kuliko wote, na sababu ni mimi. Nilipokuwa kidato cha pili kuna familia ilileta posa, watu wazuri tu, wenye ng'ombe. Baba alikuwa hajasema ndiyo, lakini alikuwa ameshaanza kutabasamu. Mwalimu alisikia, sijui kwa nani, akaja nyumbani jioni. Aliketi kwenye mkeka, akanywa maji, akamwambia Baba, "Mzee mwenzangu, huyu Mwajuma akikuambia kitu, msikilize. Hasemi asilolijua. Mwache asome." Baba alifikiri kidogo, akasema, "Kama ni wewe unayesema." Posa ikarudi ilikotoka. Tangu siku ile Baba akawa ananiuliza mimi mambo ya mbegu na mambo ya dawa ya mifugo, mimi binti wa shule, mbele ya kaka zangu. Utu ule nilipewa na Mwalimu, siwezi kuukana.

Mwaka uleule alioniumiza, alinunua koti. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri matokeo, na siku ya gulio nikamwona kwenye rundo la mitumba akijaribu koti zito jeusi lenye manyoya shingoni, linalomfika chini ya magoti. Muuzaji alikuwa hoi kwa kicheko. "Mwalimu, unahamia friji gani?" alimuuliza. Mwalimu alivifunga vifungo vyote mpaka cha mwisho, akajitazama kwenye kipande cha kioo, uso wake umeng'aa kama wa bwana harusi. Alipenda sweta, nikasema basi sasa amefikia koti, uzee huo. Sikuwaza zaidi.

Katika siku hizohizo ndipo mgeni alipoanza kuonekana kijijini. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye fulana ya mifuko mingi na gari lenye matope, akasema ametumwa na kampuni ya utafiti. Watu walisema alikutana na Mwalimu kule Segera akitafuta magazeti yake, wakanywa chai pamoja. Alilala kwa Mwalimu alipokuja mara ya kwanza. Kilichomvutia kwetu kilikuwa bonde.

Bonde lile ndilo lililokuwa likitulisha. Ndani yake kuna lambo, bwawa lililochimbwa zamani kuvuna maji ya mvua, na pembezoni mwake udongo hushika unyevu hata kiangazi kikali. Baba alikuwa na shamba pale, la kurithi, na majirani zetu vilevile. Huku juu mahindi yakikauka, bondeni tunakula mchicha na nyanya. Kiangazi maji yakipungua, kingo za lambo hubaki na ukoko mweupe, magadi tu yale, ng'ombe wanalamba. Na kwenye tope jeusi katikati kuna vipovu vinavyopanda, kwa sababu ya majani na mavi ya ng'ombe yaliyooza miaka yote hiyo.

Mgeni aliwaita watu, akaingia topeni na buti zake, akakinga vipovu kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, akawasha kiberiti mdomoni mwa chupa. Mwali wa buluu ukaruka. Hakuhitaji kusema neno. Watu waliutazama mwali, wakautazama ule ukoko mweupe ukingoni, wakasema wenyewe, kwa furaha, "Jamani, si ndiyo barafu ya Mwalimu hiyo!"

Mkutano wa kijiji uliitishwa kwenye darasa la shule ya msingi, kwa kuwa ofisi isingetosha. Mgeni alieleza kwamba chini ya bonde kuna hazina ya gesi iliyoganda, na wenye mashamba waipishe kampuni ifanye kazi yake, vijana watapata ajira na umeme utakuja. Kina mama tulikaa upande wetu, karibu na dirisha. Baba alikuwa mbele. Mzee mmoja akanyanyuka akasema, "Sisi hatukusoma. Lakini tuna mtu wetu. Mwalimu, barafu hiyo umewafundisha watoto wetu wewe. Tuambie leo, hapa kwetu ipo?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta. Nikatabasamu, Mungu anisamehe. Nilikuwa najua jibu, nililipigia kelele mwenyewe nikiwa katikati ya duara.

"Inawezekana," akasema.

Nilidhani anatania. Nilisubiri amalizie. Aliirudisha miwani usoni, akakaa, na watu wakaanza kupiga makofi. Nikasimama. Kwetu binti hasimami kwenye mkutano mzee akishasema, na mwalimu wako humpingi hadharani hata akisema jua linachomoza Magharibi. Nilijua. Lakini aliyenizoesha kusimama alikuwa yeye.

"Shikamooni wazee," nikasema. "Mwalimu mwenyewe alitufundisha kwamba barafu ile inataka ardhi iliyoganda miaka na miaka. Hapa ardhi haigandi hata siku moja. Kile kinachowaka ni gesi ya tope, ipo kwenye kila bwawa lenye uchafu. Na ule weupe ni magadi. Mwalimu, si ulituambia haiwezekani?"

Darasa zima lilimgeukia. Hakunitazama. Aliutazama ubao, ulikuwa mtupu, akasema kwa sauti yake ileile ya kila siku, "Mwajuma, kaa chini. Ulichosikia darasani ni cha kidato cha tatu. Yapo mambo sikuwafundisha."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Mama mmoja nyuma yangu akanivuta kanga, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu, kaa." Nikakaa. Nikamtazama Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, na walipoambiwa wanaokubali wanyooshe mikono, wake ulipanda pole pole, ukapanda.

Nyumbani nilimuuliza kwa nini. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema, "Mwalimu ndiye aliyeniambia nikuamini wewe. Sasa leo yeye anasema hivi, wewe unasema vile. Nimwamini nani?"

Yaliyofuata ni mafupi. Kampuni ilizungushia bonde seng'enge, ikatoboa mashimo mawili matatu, ikafungasha. Seng'enge haikuondoka. Baadaye akaja bwana mmoja na karatasi zake, anasema bonde amekabidhiwa na kampuni na kijiji kiliridhia kwa hiari, tena kwa ushauri wa mtaalamu wake. Amepanda michungwa pale, inamwagiliwa kwa pampu kutoka kwenye lambo letu. Baba, mtu aliyekuwa akila nyanya zake kiangazi, sasa anaomba maji ya ndoo kwenye tundu la seng'enge. Watu wanaonikumbusha asiyesikia la mkuu huwa nawajibu kwamba kijiji chetu kilisikia la mkuu vizuri sana, na guu likavunjika vilevile.

Mwalimu alistaafu muda mfupi baada ya kampuni kuondoka. Hakuaga darasa kwa darasa kama ilivyo desturi. Asubuhi moja nyumba yake ilikuwa imefungwa, na ramani, walisema waliochungulia dirishani, ilikuwa haipo.

Mimi nikawa mwalimu wa Jiografia. Ndiyo, Jiografia hiyohiyo, nafundisha Korogwe mjini. Kwenye ardhi isiyoyeyuka nanunua barafu za ubuyu na maranda, nawatoa watoto nje, nawashikisha mikono. Sijui njia nyingine ya kufundisha somo lile, na kila nikilifundisha narudi nyumbani nimenuna. Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa. Mimi kilikuwa kichwani, katika kila ninachokijua.

Juzi juzi tu wanakijiji walifikisha shauri lao kwenye baraza la ardhi, likapangiwa Jumanne. Lote linaning'inia kwenye swali moja: kijiji kiliridhia kikiwa kinajua, au kilidanganywa? Yule bwana wa michungwa anasema mtaalamu wa kijiji alithibitisha. Na wa kukanusha hilo ni mmoja tu, huyo mtaalamu, Mwalimu wetu. Baba alinipigia simu. Hakuniomba, alisema tu, "Wewe uko jirani na Vugiri." Kwa hiyo Jumamosi nikakodi bodaboda pale Korogwe, tukaanza kupanda.

Kwanza nilishangaa baridi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na dereva alikuwa amevaa kofia ya sufu. Nikamkuta Mwalimu barazani kwake anachambua maharage kwenye ungo, amevaa shati jepesi la mikono mifupi. Huko Handeni alijifunika sweta, huku kwenye baridi yake amekaa mikono wazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mwajuma." Alinitambua kabla sijafika kwenye ngazi. Aliuona mshangao wangu, akaitazama mikono yake. "Nimezoea joto lenu. Sasa huku sisikii kitu."

Nilikaribishwa kwenye kigoda. Aliniuliza habari za kazi, nikamwambia. Aliniuliza kama naendelea kutumia maranda, nikasema ndiyo, akafurahi kwa sekunde moja, kisha furaha ikamtoka kwani alijua sikupanda mlima kuzungumza maranda. Akauliza, "Baba hajambo?"

"Anaomba maji ya lambo lake mwenyewe, Mwalimu. Kwa ndoo."

Alirudi kwenye maharage. Nikaona bora niliseme wakati bado nina nguvu. "Kwa nini?" nikamuuliza. "Sitaki kingine. Kwa nini?"

Aliuweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na lile koti. Lilikuwa bado na mkunjo wa mtumba kwenye mikono, halijavaliwa tangu siku ile ya gulio. Akaliweka magotini mwake akalishika manyoya.

"Aliniambia atanipeleka," akasema.

"Wapi?"

Aliinua kidole, akakielekeza juu kidogo hewani, mahali ambapo ramani ingekuwa. "Huko. Alisema kampuni yake ina kituo huko, wanatoboa ardhi iliyoganda, wanaitoa ile barafu, unaishika mkononi. Inasikika ikitoa gesi, alisema, kama mafuta kwenye kikaango. Alisema wanahitaji mtu wa kueleza kwa Kiswahili. Niwe tayari tu, kazi ya bonde ikikamilika." Alishusha kidole. "Nimefundisha kitu kile maisha yangu yote, Mwajuma. Sijawahi kukiona."

"Na ulijua kwamba kwetu hakipo."

"Ndiyo."

"Ulijua anadanganya."

"Nilijua ni mwongo wa lambo. Sikujua ni mwongo wa safari pia."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imepita juu ya shamba la baba yangu na juu ya kichwa changu. Alituuza kwa kipande cha barafu, na hata barafu yenyewe hakupewa. Ningemhurumia kama angenyamaza tu mkutanoni. Lakini alinifanya mjinga mbele ya watu aliowafundisha kuniamini.

"Mimi nilikuwa sahihi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto, niliisikia.

"Ulikuwa sahihi. Kila neno. Hukuacha hata baridi." Alitoa kitambaa akafuta miwani. "Nimekuwa nikitaka kukuambia."

Neno hilo nililingoja miaka yote hiyo, na nililipata kwenye ua wa Vugiri, wanaosikia wakiwa kuku. Nikamwambia habari za baraza. Nikamwambia swali lililopo na kwamba lazima lijibiwe na yeye. "Sikuombi utetee mtu. Njoo Jumanne Handeni, useme haya uliyoniambia sasa hivi. Mbele ya wazee walewale, mbele ya Baba. Nitakuja mwenyewe kukuchukua. Utakuja?"

Alilitazama koti. Akatazama chini bondeni ambako ukungu ulikuwa unafunguka na tambarare za kwetu zinaonekana kwa mbali, kahawia, kavu. Kuku akaja akadonoa maharage mawili pembeni ya ungo.

"Inawezekana," akasema.

Nilidhani hakulisikia neno lake mwenyewe. Kisha nikaona alilisikia. Koti liliteleza magotini, akashika nguzo ya baraza kwa mkono mmoja, akajiinua taratibu, magoti yakimgomea, mpaka akasimama wima. Akabaki hapo, mikono imeshuka ubavuni, ananitazama.

Nilimngoja. Nilimpa muda aliokuwa akitupa sisi, na zaidi. Mdomo ulifunguka, ukafumba, na halikutoka "ndiyo" wala "hapana." Kule barabarani dereva wa bodaboda akapiga honi, mvua ilikuwa inakuja. Nikachukua mkoba wangu nikateremka ngazi. Nilipofika kwenye migomba niligeuka mara moja, nikamwona bado amesimama.

Sikumwambia akae.